Mwanzo mbaya wa Mazembe: lini tuogope, lini tusubiri



Leo sitaandika juu ya kutafuta kazi wala juu ya kumaliza masomo. Nitaandika juu ya mupira. Msifikiri ni mchezo tu, maana makala hii inatoka kwenye kosa nililofanya kwa mdomo wangu mwenyewe hapa Kiambi, na kosa hilo lilimpotezea kijana mmoja kinga yake. Kwa wasomaji wetu wa Kigoma na Dar es Salaam: kinga kwetu ni baiskeli. Na mtu wa hapa, kando ya Luvua, akipoteza kinga amepoteza miguu, amepoteza na mfuko.

Ilikuwa Oktoba 2022. Tulikuwa kwenye kile kibanda cha kuchajia simu, watu kama 15, radio moja. TP Mazembe walikuwa wanacheza Lubumbashi na Vipers ya Uganda, Ligi ya Mabingwa, raundi ya mwisho kabla ya makundi. Kule Uganda ilikuwa 0-0. Nyumbani ikawa 0-0 tena. Wakaenda penalti, Vipers wakapita. Kibanda kizima kikanyamaza. Mzee mmoja akachukua simu yake hata haijajaa, akaenda zake.

Mimi nikasimama. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma pale, na hilo walilijua. Nikawaambia: "Msiogope. 2016 tulitolewa na Wydad, tukashushwa kwenye Kombe la Shirikisho, tukalichukua. 2017 tulitolewa na CAPS United, tukashushwa kule kule, tukalichukua tena. Mazembe iko Mazembe. Hii ndiyo njia yetu." Watu wakapiga makofi. Wakarudi nyumbani na roho nyeupe.

Mwezi wa pili wa 2023, Mazembe wakiwa kwenye makundi ya lile Kombe la Shirikisho, wakapangiwa kwenda Dar es Salaam kucheza na Yanga. Hapa alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa Kalemie aliyeleta samaki wa kukausha. Kule Kalemie ng'ambo ya ziwa ni Kigoma, na radio za Tanzania zinasikika, kwa hiyo usishangae kukuta Mkongomani anayeshabikia Yanga au Simba. Yule kijana, ambaye alikuwa anabeba muhogo kwa kinga ili apate minervali ya chuo, akaweka kinga yake. Mfanyabiashara akaweka pesa. Kijana akaniangalia mimi kwanza, halafu akapeana mkono na yule mtu. Tarehe 19 Februari Yanga wakashinda 3-1. Asubuhi yake kinga ikaondoka, imefungwa juu ya mzigo wa samaki.

Tangu siku ile najiuliza: nilikosea wapi? Maana kila nililosema lilikuwa kweli. Hii hapa ndiyo hesabu yangu. Naiandika kwa sababu kila msimu unapoanza vibaya, masupota tunagawanyika mara mbili. Wengine wanalia "antrenere aondoke" baada ya mechi 2. Wengine wanasema "tulia, tutaamka" hata baada ya 10. Wote tunasema kwa moyo, wala hatuhesabu.

1. Ukweli nilioutumia vibaya

Tuanze na yale niliyosema, tuone kama yanasimama.

Mazembe ya mwanzo wa 2016 ilikuwa ndiyo bingwa wa Afrika. Mwaka uliotangulia ilikuwa imewafunga USM Alger kwao 2-1 na nyumbani 2-0, ikachukua Ligi ya Mabingwa mara ya tano baada ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Bingwa huyo akaenda Morocco, akapigwa 2-0 na Wydad Casablanca, akarudi Lubumbashi akatoka 1-1. Nje. Kwa sheria ya CAF ya wakati ule, aliyetolewa pale alishuka, akapigania nafasi kwenye Kombe la Shirikisho. Mazembe wakashuka, wakaingia kwenye kundi, na kwenye kundi lile lile walikuwepo Yanga. Tukawafunga 1-0 Dar es Salaam, tukawafunga 3-1 Lubumbashi. Mwisho tukakutana na MO Béjaïa ya Algeria kwenye fainali: 1-1 kwao, 4-1 kwetu. Kombe.

2017, hadithi ile ile. CAPS United ya Zimbabwe ilitoka 1-1 Lubumbashi na 0-0 Harare, ikapita kwa goli la ugenini. Tukashuka tena. Kocha alikuwa Pamphile Mihayo, yule yule aliyekuwa nahodha wa kizazi cha 2010. Fainali tukawafunga SuperSport United ya Afrika Kusini 2-1 nyumbani, na kwao ikawa 0-0. Kombe la pili mfululizo.

Kwa hiyo sikudanganya. Lakini kuna mwaka mmoja niliuruka, na niliuruka bila kujua kama naruka. Ni 2021. Mwaka ule AmaZulu ya Afrika Kusini ilitutoa Ligi ya Mabingwa kwa goli la ugenini, tukashuka kwenye Shirikisho kama kawaida. Tulifika wapi? Nusu fainali. Tulishinda 1-0 nyumbani dhidi ya RS Berkane ya Morocco, halafu kwao tukapigwa 4-1.

Sasa panga ile miaka kwa mstari. 2016: tumeshuka, kombe. 2017: tumeshuka, kombe. 2021: tumeshuka, nusu fainali. Mtu anayetazama ule mstari mzima siku ile ya Vipers hawezi kusema "hii ndiyo njia yetu". Angesema: njia hii ilikuwa inatupeleka mlimani, sasa inaanza kuteremka, tuangalie. Mimi nilichukua miaka 2 iliyonipendeza, ule wa 3 uliokuwa karibu zaidi nikauacha kando. Ndugu zangu, hii inaitwa kuchagua ushahidi. Tumefundishwa darasani tusiifanye. Jioni kwenye kibanda cha simu nikaifanya mbele ya watu 15.

Na mwisho wa 2022-23 ulikuwaje? Mazembe walianza kundi kwa kuwafunga Real Bamako 3-1. Pointi 3. Hazikuongezeka tena mpaka kundi likaisha. Yanga walitufunga Dar, wakaja wakatufunga 1-0 Lubumbashi. Tukamaliza wa mwisho na zile pointi 3. Ona kioo hicho: 2016 sisi tuliwapiga Yanga nyumbani na ugenini, 2023 wao wakatupiga nyumbani na ugenini. Miaka 7 tu.

2. Swali la kwanza: zimebaki mechi ngapi?

Sasa, mwanzo mbaya unapimwa namna gani? Mimi siku hizi ninajiuliza maswali 3. La kwanza ni rahisi, hata mtoto wa shule ya msingi analiweza, lakini sisi wakubwa tunalisahau: zimebaki mechi ngapi?

Chukua ligi ya mechi 38, kama ile ya Uingereza ambayo wengi wenu mnaifuata kwenye simu. Timu ikipoteza mechi 3 za kwanza, imetumia sehemu ndogo sana ya msimu, haifiki hata mechi moja kwa kila kumi. Bado 35. Mwenye kulia pale analia mapema. Lakini chukua kundi la Ligi ya Mabingwa ya Afrika: timu 4, mechi 6. Ukiharibu 3 za kwanza, umeharibu nusu ya safari. Neno ni lile lile, "mwanzo mbaya", lakini uzito si mmoja. Ni kama kupoteza franka 1,000 ukiwa na 38,000 mfukoni, na kupoteza hizo 1,000 ukiwa na 2,000.

Tena angalia sheria ya mashindano yenyewe. Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire, Januari na Februari 2024, wote tunalikumbuka. Leopards wetu walitoka sare mechi zote 3 za kundi: Zambia 1-1, Morocco 1-1, Tanzania 0-0. Pointi 3, hakuna ushindi hata mmoja. Watu walisema timu haina kitu. Lakini zile pointi 3 zilitosha kuwa wa pili kwenye kundi, tukaitoa Misri kwa penalti, tukaifunga Guinea 3-1, tukafika nusu fainali. Wenyeji Côte d'Ivoire ndio zaidi: walifungwa 1-0 na Nigeria, wakafungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao, kocha akaondoka katikati ya mashindano. Lakini mashindano yale yanawapitisha watu wa tatu 4 walio bora, nao wakapita kwa pointi 3. Emerse Faé akachukua timu, wakatufunga sisi 1-0 nusu fainali, wakachukua kombe.

Je, timu ile ilikuwa na roho? Ndiyo. Lakini roho peke yake haingetosha. Kama sheria ingekuwa wanapita 2 tu kwa kila kundi, Côte d'Ivoire wangekuwa watazamaji kwenye kombe lao wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusema "tutaamka", fungua kwanza sheria uone kama mlango bado uko wazi.

3. Swali la pili: tulipoteza kwa bahati au kwa nguvu?

Hili ni gumu zaidi, hasa kwetu tunaosikiliza radio na hatuoni picha.

Mupira una bahati nyingi kuliko michezo mingine, kwa sababu magoli ni machache. Kwenye basketi timu inapata pointi 80; bahati ya mara moja inazama humo ndani, huioni. Kwenye mupira goli moja linatosha, na goli moja linaweza kutoka kwenye mguu uliokosea. Ndiyo maana mechi moja haisemi mengi. Mwaka 2022 Argentina ilianza Kombe la Dunia kwa kufungwa 2-1 na Saudi Arabia, ikamaliza bingwa wa dunia. Na 2015 Mazembe yetu ilifungwa 2-1 na Al-Merrikh kule Omdurman, mechi ya kwanza ya nusu fainali. Wakaja Lubumbashi tukawatandika 3-0.

Kwa hiyo usitazame matokeo peke yake. Sikiliza mechi ilivyokwenda. Mtangazaji amelitaja jina la mshambuliaji wetu mara ngapi akiwa ndani ya boksi lao? Kipa wao amefanya kazi au amepumzika? Tumefungwa dakika gani, na tulikuwa tunafanya nini wakati huo? Timu inayopiga mashuti 15 ikafungwa 1-0, hiyo inaweza kusubiriwa. Timu inayocheza dakika 180 na Vipers, 90 kati ya hizo nyumbani, na haipati goli hata moja, hiyo inasema kitu.

Lakini hapa niwe mkweli. Swali hili halinipi jibu kamili kwa ile miaka yetu. 2016 tulipata goli 1 tu dhidi ya Wydad kwa mechi 2. 2017 tulipata goli 1 tu dhidi ya CAPS United kwa mechi 2. Ukifunika majina na miaka, huwezi kusema ipi itachukua kombe na ipi itakuwa ya mwisho kwenye kundi. Mwanzo ulifanana. Kilichotofautiana kilikuwa nyuma ya mwanzo. Ndiyo inatuleta kwenye swali la tatu, na kwangu ndilo lenyewe.

4. Swali la tatu: nani yuko pale wa kuinua timu?

Mwaka 2016 Mazembe walipoanguka, nani alikuwa kwenye ekipe? Rainford Kalaba wa Zambia alikuwepo. Thomas Ulimwengu wa Tanzania alikuwepo. Adama Traoré wa Mali, Sylvain Gbohouo wa Côte d'Ivoire golini. Watu waliokuwa wamebeba kombe la Afrika miezi michache tu kabla. Anguko la Wydad liliwakuta watu wanaojua kuamka, maana walikwisha kuamka mara nyingi. Tena kalenda ya wakati ule ilitusaidia. Mashindano ya CAF yalikuwa yanaanza mwanzo wa mwaka, ligi ya nyumbani ikiwa katikati, miguu imekwisha kupata moto. Tangu msimu wa 2018-19 kalenda imegeuka: raundi za kwanza mara nyingi zinachezwa kuanzia Agosti mpaka Oktoba, wakati msimu wenyewe ndio unaanza. Timu inatoka mapumzikoni inaingia moja kwa moja kwenye mechi za kufa na kupona.

Halafu kuna soko. Kumbuka Mbwana Samatta. 2011 alitoka Simba ya Dar es Salaam akaja Lubumbashi. Kwa nini? Kwa sababu Mazembe ya Moïse Katumbi ilikuwa na pesa, na ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Desemba 2010, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Tuliwafunga Pachuca ya Mexico 1-0 na Internacional ya Brazil 2-0 kabla ya Inter Milan kutushinda 3-0. Mchezaji mzuri wa Afrika Mashariki alikuwa anaota Lubumbashi. Samatta alichukua ubingwa wa 2015 na sisi, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, Januari 2016.

Sasa geuza macho, tazama Yanga ile iliyotufunga 2023. Fiston Mayele, Mkongomani, aliyekuwa AS Vita. Ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa kombe lile, magoli 7. Djuma Shabani, Mkongomani. Yannick Bangala, Mkongomani. Jesus Moloko, Mkongomani. Na lile goli la 3 siku ile Dar es Salaam, alilifunga Tuisila Kisinda, mtoto wetu pia. Kule Simba alikuwepo Henock Inonga, aliyetoka Motema Pembe. Njia ile ile aliyopita Samatta, lakini watu wanatembea upande mwingine.

Wachezaji hao hawakutoka Mazembe, ni kweli. Lakini zamani kijana akiwaka kwenye Linafoot, Mazembe ndio walikuwa wa kwanza kumgongea mlango. Leo Dar es Salaam wanafika mapema, na wana ligi inayokwenda kwa ratiba, inaonekana kwenye televisheni, haisimamisimami kama yetu. Kwa hiyo Mazembe wakianza vibaya, wakigeuka nyuma kutafuta mtu wa kuinua timu, yule mtu amekwisha kuvuka ziwa.

Hili ndilo nililopaswa kuwaambia watu Oktoba 2022. Sikulisema kwa sababu sikutaka kulijua.

Lakini tusikimbilie upande wa pili pia, tukasema Mazembe wamekufa. Klabu ilimrudisha Lamine N'Diaye, kocha aliyetupeleka ile fainali ya dunia ya 2010. Ikaweka vijana. Msimu uliofuata, 2023-24, mambo yalianza kwa shida: kwenye ile African Football League tulicheza mechi ya "nyumbani" Dar es Salaam, tukawafunga Espérance 1-0, halafu Tunis tukafungwa 3-0. Lakini kwenye Ligi ya Mabingwa tulipita kundi, tukawatoa Petro de Luanda, tukafika nusu fainali. Al Ahly ndio waliotusimamisha, 0-0 Lubumbashi na 3-0 Cairo. Na ubingwa wa nchi tukauchukua. Kuamka kulikuwepo. Ila hakukuja kwa sababu "Mazembe iko Mazembe". Kulikuja kwa sababu kuna watu walifanya kazi mwaka mzima.

5. Desemba 2024: hesabu mbele ya moyo

Basi tukafika msimu wa 2024-25. Kundi: Al Hilal ya Sudan, ambayo kwa sababu ya vita vya kwao ilikuwa inacheza Mauritania, MC Alger ya Algeria, na Yanga tena. Mechi ya kwanza nyumbani, MC Alger, 0-0. Ya pili, Al Hilal wakatufunga 2-1. Ya tatu, tarehe 14 Desemba, Yanga wako Lubumbashi. Tunaongoza 1-0. Dakika 90 zimekwisha. Dakika za nyongeza zinakwenda, zinakwenda, mtu mmoja pale kibandani amekwisha kuanza kuimba. Prince Dube akasawazisha. 1-1.

Yule kijana wa kinga alikuwepo. Hakuwa amerudi kwenye mambo ya kuweka dau, lakini kwenye radio hakukosa hata siku moja. Akaniangalia kama alivyoniangalia ile siku.

"Yaya, ule mwaka ulituambiaka 2016. Sasa unasema nini? Tutaamka?"

Watu wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Walitaka jibu. Nikamwomba karatasi.

Nikaandika: mechi 3, pointi 2. Zimebaki mechi 3, kwa hiyo zilizobaki ni pointi 9. Tukishinda zote tunafika 11. Lakini mechi 2 ni ugenini, Dar es Salaam na Algiers. Nyumbani ni moja tu, Al Hilal. Kwa makundi ya namna hii, mtu mwenye pointi 9 au 10 ndiye anayepita mara nyingi. Maana yake tunahitaji pointi 7 kati ya 9, na zaidi ya nusu ya hizo 7 inabidi tuzichukue kwenye nyumba za watu. Hilo swali la kwanza. Swali la pili: goli la dakika za mwisho ni bahati mbaya, sawa, lakini mechi 3, magoli 2 tu ya kufunga, hiyo si bahati peke yake. Swali la tatu: nani wa kuinua? Nikamwambia: mdogo wangu, sioni bado. Labda yupo, mimi simuoni.

"Kwa hiyo hapana?"

"Kwa hiyo inaweza kutokea, lakini mimi singeweka kitu changu. Wala chako."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mzee mmoja akasema nimekuwa supota wa Lupopo. Hiyo ilinichoma, mnajua hapa kwetu hilo ni tusi la namna gani. Nikavumilia.

Tarehe 4 Januari 2025 tulitangulia kufunga Dar es Salaam, kibanda kikaruka juu. Halafu Yanga wakafunga 3. Kule Algiers tukafungwa 1-0. Mechi ya mwisho tukawafunga Al Hilal, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kutoka. Tukamaliza wa mwisho, pointi 5.

Na sasa angalia jambo moja kwenye kundi lile, maana ndilo linalonifundisha zaidi. Baada ya mechi 3, Yanga walikuwa nyuma yetu. Sisi pointi 2, wao 1 tu. Wao waliamka kweli kweli: wakatufunga sisi, wakawafunga Al Hilal ugenini, wakatoka sare na MC Alger. Wakamaliza na 8. Na bado hawakupita. Al Hilal 10, MC Alger 9, Yanga 8. Pointi 1 ilikosekana, ile waliyoipoteza mwanzoni. Timu iliyofanya yote ambayo masupota wanaomba timu ifanye, hesabu ikawakatalia.

6. Basi supota afanye nini?

Sisemi tuache kupenda. Mimi mwenyewe nitafungua radio mechi ijayo, na nitapiga kelele, na nikifungwa sitakula vizuri. Kupenda timu ni jambo moja, kuisoma timu ni jambo lingine, na ubaya unaanza pale tunapoyachanganya mbele ya watu wanaotuamini. Ukisema "nina imani na Mazembe", umesema juu ya moyo wako, hakuna atakayekudai. Ukisema "Mazembe watapita, historia inaonyesha", umetoa ushahidi, na kuna mtu kwenye kona anaupokea ushahidi huo na kuutia kwenye mizani pamoja na kinga yake.

Sisi tuliosoma kidogo tunasahau neno letu lina uzito gani kwenye vijiji vyetu. Mtu hakuulizi chanzo. Anaona tu umetaja miaka na tarehe bila kusitasita, anasema huyu anajua. Kumbe nilijua miaka 2, na wa 3 niliuficha hata kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo msimu ukianza vibaya, wa Mazembe, wa Lupopo au wa timu yoyote unayoipenda, hesabu kwanza mechi zilizobaki. Uliza kama ni bahati au nguvu. Angalia nani yuko kwenye benchi. Na ukitaja miaka ya zamani, itaje yote, na ile inayouma pia.

Yule kijana alipata kinga nyingine mwaka uliopita, ya zamani, imechomelewa shingoni. Siku aliyoileta kibandani nilimpa pole na pongezi pamoja. Akanijibu anacheka: "Yaya, hii hata Mazembe wakicheza na timu ya shule, siiweki."

Halafu akaegemeza kinga kwenye ukuta, akaketi karibu na radio. Mechi ilikuwa inaanza.